Kituku, Usininunulie Ile Nyepesi

Nyumbani Mraru,
Voi.
Jumapili, 18 Januari 2026.

Mpendwa kaka Kituku,

Pokea salamu za nyumbani, za Mama kwanza halafu zangu. Hujambo huko Doha? Kile kikohozi cha vumbi la ghalani kimepoa, au bado unakohoa na kutuambia ni baridi ya eyakondishoni? Unalala vizuri? Unapata ugali, ama ni wali kila siku ya Mungu? Nijibu moja baada ya nyingine. Usiniandikie "niko sawa" halafu ukanyamaza kama kawaida yako.

Sisi tuko. Siwezi kuandika kwamba hatujambo kabisa, maana nikianza na uongo hapa juu sitafika chini. Mama yuko hai, anakula, anacheka, anagombana na kuku. Lakini mkono wake wa kushoto umevunjika, umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Usiruke. Kaa chini. Daktari amesema utaunga. Nitakueleza ilivyokuwa, ila nipe nafasi nifike polepole, kwa sababu naogopa kuandika na naogopa zaidi kutoandika.

Barua hii ataileta Ngina, yule mwenzako wa kazini ambaye likizo yake inaisha Jumanne. Kwa simu nisingeweza. Kwa simu ningelia, na wewe mtu akilia unageuza maneno unaanza habari za mpira. Halafu unapenda kuweka spika, chumba kizima kisikie, watu sita, mpaka yule jamaa wa Kitale anatoa maoni. Kwa haya ninayotaka kusema sihitaji maoni ya jamaa wa Kitale.

Neno lenyewe ni hili, nalisema mapema ili ukichoka usisome mengine: ile laptop nyepesi niliyokuomba mwezi uliopita, usiinunue. Nunua ile nzito. Juzi nilikutumia ujumbe, "usinunue kwanza, ngoja barua," ukanijibu kwa kidole gumba. Kituku, kidole gumba ni nini? Ni kwamba umengoja, au ni kwamba umeshanunua na umefurahi? Tangu juzi nakitazama hicho kidole.

Wacha nikukumbushe mambo yalivyokuwa. Ile kampuni ya Ulaya imenikubali kwa majaribio ya miezi mitatu kuanzia Machi. Kazi ni kucheza gemu zao kabla hazijauzwa, kuzichokonoa kila kona, na kuandika mahali zinapoharibika. Watu hapa wananicheka eti nitalipwa kwa kucheza. Wacheke. Shida ni kwamba mashine ni ya kujitafutia mwenyewe, na lazima iende bila kukwama. Ikikwama, wao hawajui kama kosa ni la gemu au ni la mashine yako, na wakishindwa kujua wanakuacha wanachukua mwingine. Nina miaka ishirini na sita na hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoomba bila kumjua mtu ndani.

Ulinitumia picha za laptop mbili kutoka kwa lile duka. Ile nzito, kilo tatu na nusu, chaja yake peke yake ni kama tofali. Ina kadi kubwa ya grafiki, ina feni mbili, inacheza chochote utakachoipa. Lakini ukiichomoa kwa stima hata saa moja ya gemu haifiki. Ile nyepesi ni kilo moja na nusu, nyembamba, naitia kwa mkoba nayo ikasahaulika, na chaji yake inavumilia. Ila gemu ikiwa kubwa inapata moto, na ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Huko dukani kwa eyakondishoni haikuonyesha hiyo tabia. Je, Voi hii, Januari hii, ambapo siagi inayeyuka ikiwa kabatini?

Mimi nikachagua nyepesi, na unajua kwa nini. Hapa nyumbani hakuna stima, ni ile sola ya taa tatu na redio. Ile nzito ingeimaliza kabla Mama hajasikiliza habari. Nyepesi ningeichaji Kaloleni, huko Voi mjini, kwa Bi Mwanatumu, yule mama wa duka la vitabu aliyenikodisha meza ya nyuma ninapowachapia watu barua zao, halafu narudi nayo Mraru nakaa na Mama mchana kutwa. Nilikuambia heri mashine ya kusuasua na Mama awe karibu. Ukanisifu. Ulisema tangu Baba atutoke mimi ndiye nimekuwa macho ya nyumba hii. Ulinisifu bure.

Sasa sikia.

Ben, yule niliyesoma naye ambaye siku hizi anapiga picha za harusi, ana laptop nyepesi karibu sawa na hiyo. Nilimwomba aniazime siku tatu nijaribu kazi ya nyumbani itakavyokuwa kabla hujatoa pesa zako. Niliileta Jumatano. Na kweli Kituku, nilifurahi. Nilikaa pale mezani karibu na dirisha, Mama anapita na kurudi, ananiuliza kama macho hayaniumi, ananiletea chai. Nikajiambia haya ndiyo maisha. Gemu ilikuwa inakwama kidogo wakati wa vita, lakini si sana.

Kitu kimoja hukijui, maana kilianza baada yako kuondoka. Ndovu wamezidi. Zamani walikuwa wanapita mara moja kwa msimu, kila mtu anapiga debe lake na kuomba Mungu. Siku hizi wanaingia hata jua likiwa bado liko, hasa sasa pojo zimekauka na watu wanavuna. Kwa hivyo tumejipanga. Kila nyumba imetundika kipande cha bati mlangoni, na chuma chake kando. Anayewaona kwanza anapiga. Akishapiga, kila nyumba inaitikia, moja baada ya nyingine, halafu tunapiga pamoja na kuwaachia ndovu upande mmoja, wa msituni, watokee huko. Anayekwenda shambani anabeba debe lake. Na nyumba isipoitikia, maana yake ni moja tu, kwamba wako hapo, au kuna mtu ameumia. Hata watoto wa chekechea wanajua hilo.

Alhamisi tarehe nane, kama saa kumi na moja jioni, Mama alikuwa shambani chini kule anachuma pojo. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa nimevaa hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio, kwa sababu kazi yenyewe inataka usikilize sauti za gemu kama zinakuja mahali pake. Kuna joka ilikuwa lazima uliue mara tano kwa njia tano. Nilikuwa kwenye ya nne.

Ndovu walikuwa watatu, walitokea kwa upande wa tangi la maji, wakawa katikati ya Mama na nyumba. Mama akapiga debe. Muli jirani aliitikia. Ndunge mkewe aliitikia kwa jikoni. Nyumba yetu kimya. Mama akapiga tena, Muli akapiga tena, nyumba yetu kimya. Muli anasema alidhani hatupo.

Mama angeweza kukimbilia kwa Muli. Njia ilikuwa wazi, ni hatua mia mbili, na Muli alikuwa anampungia mikono aje. Hakwenda. Nyumba haijaitikia, na mtoto wake yuko ndani. Kwa hivyo alikuja huku, Kituku. Mama yetu, na miaka yake sitini na tatu na goti lake bovu, alikuja mbio upande wa ndovu, anapiga debe na kuita jina langu, kwa sababu mimi sikuinua mkono nikagonga bati.

Mmoja wao alimgeukia. Hakumgusa, alitanua masikio tu akapiga hatua mbili tatu, na Mama akaruka kando akaangukia yale mawe ya mtaro wa maji. Hapo ndipo mkono ulipovunjika. Muli akaja akipiga bati kama mwendawazimu, ndovu wakaondoka zao na mipapai miwili. Mama akajiinua, akaja mpaka mlangoni.

Na mimi sikujua hata moja ya hayo. Nilijua nini? Nilijua betri ya Ben imekwisha, skrini ikawa nyeusi, nikavua hedifoni niifunge mashine. Nikageuka nikamwona Mama amesimama mlangoni, kiatu kimoja hana, udongo mpaka kwa nywele, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Aliniambia tu, "Uko mzima? Basi nitafutie leso nifunge huu mkono."

Muli alituitia bodaboda mbili, tukaenda hospitali, na huko nilikaa kwenye benchi nikitetemeka mpaka muuguzi mmoja akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Sasa nakuja kwa lile linaloninyima usingizi. Watu waliuliza kwa nini nyumba haikuitikia. Kabla sijafungua mdomo, Ndunge akasema bila shaka msichana aliogopa akajificha chini ya kitanda, na alifanya vyema, ndovu wakisikia mtu ndani wanaweza kubomoa ukuta. Wote wakakubali. Muli akanipigapiga begani. Nami nikanyamaza. Leo kanisani Mama alisimama na ule mkono wa plasta, akamshukuru Mungu kwa kumlinda yeye na kumweka mtoto wake ndani salama. Watu wakapiga makofi, wakanigeukia. Kuna mama mmoja alinikumbatia akalia. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Sijamwambia Mama. Siku kumi sasa. Kila akiniomba nimfunge kitambaa cha kichwani kwa sababu mkono mmoja hauwezi, nafungua mdomo, naufunga. Naogopa atakavyonitazama. Naogopa pia kwamba atanisamehe haraka, nami nitarudia.

Hapo ndipo uzito wa laptop ulipobadilika kwangu. Nilikuwa napima kilo na chaji na joto, kumbe kuna kitu sikukipima. Nilifikiri nikiweza kuibeba mashine mpaka kwa Mama basi nitakuwa kwa Mama. Siku ile nilikuwa nyumbani tangu asubuhi mpaka jioni, na sikuwapo hata dakika moja. Ile nyepesi itanifuata kila mahali: jikoni, shambani, kitandani. Najijua mimi. Wewe pia unanijua, si ndiwe uliyewahi kunikuta naunguza maharagwe mara mbili kwa siku moja na simu mkononi?

Ile nzito haiwezi kunifuata. Kilo tatu na nusu na tofali lake, na hapa sola haiitaki. Nitaiweka Kaloleni kwenye meza ya nyuma, na jioni itafungiwa kwa kabati la chuma la Bi Mwanatumu. Yeye ameshakubali, na ameapa wallahi kabati hilo halijaguswa na mwizi tangu enzi za babake. Kampuni inataka saa nane kwa siku, wakati wowote. Nitaanza saa moja asubuhi, saa tisa nafunga, saa kumi niko Mraru, mikono mitupu. Ndovu hawaji kabla ya saa kumi na moja. Mchana Ndunge amesema atakuwa anamwangalia Mama.

Usidhani nimepata amani. Nimebadilisha hofu tu. Stima ya Kaloleni ikipotea katikati ya kazi, hiyo nzito itanipa dakika za kuhifadhi na kuzima, basi. Nikishindwa majaribio utasema ulinunua jiwe. Na siku ndovu watakapoamua kuja saa nane mchana, mimi nitakuwa Voi, na Mama atapiga debe, na hii nyumba itakaa kimya tena, safari hii kwa sababu kweli hakuna mtu. Nilimwomba tuhamie Kaloleni wote wawili, nipange chumba huko. Akaniuliza kama ndovu ndio wamenituma.

Lakini nikilinganisha hofu hizo mbili, hii naweza kuibeba. Ile nyingine, ya kuwa ndani ya nyumba na kutosikia, siiwezi.

Mama ananiona naandika na amesema nikuandikie haya: anakusalimu sana, usitume pesa za hospitali maana zimeshalipwa, uvae fulana ndani, na ujue kwamba dadako ni msichana jasiri. Nimeandika vile alivyosema kwa sababu ameketi hapa kando yangu. Neno la mwisho usiliamini.

Muli na Ndunge wanakusalimu. Bi Mwanatumu anakusalimu na anauliza ni lini utamletea udi wa huko. Ben pia, ingawa hataniazima kitu tena kwa vile nilichelewa kumrudishia laptop yake, na ana haki. Msalimie Ngina na umshukuru kwa kubeba barua hii.


Jumatatu asubuhi.

Kituku, nilikuwa nimeshaitia barua kwa bahasha na kuilamba, bahasha nimeichana tena. Naongeza haya upesi kabla sijaenda kwa kina Ngina.

Nilimwambia. Jana baada ya kula tulikuwa tunapeta zile pojo, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa miwili. Nilisema yote bila kupumua: hedifoni, joka, debe, kwamba sikujificha chini ya kitanda chochote, kwamba nilikuwa nacheza. Nililia, ndiyo, nililia vibaya mno. Yeye hakuacha kuchagua mawe.

Akasema anajua. Alijua tangu siku ile. Kanisani hakusema uongo, alishukuru kwamba nilikuwa ndani na nilikuwa ndani. Hayo ya kitanda yalikuwa ya Ndunge, naye aliyaacha yapite ili watu wasiniseme, kwa sababu msichana akisemwa Mraru anasemwa mpaka aolewe, na baada ya hapo pia.

Nikamuuliza alijuaje. Akaokota jiwe moja akalitupa kando. Kisha akaniambia kwamba alipofika mlangoni aliniona mgongo, na yale madude masikioni, na mikono yangu inakimbia. Akaniita. Akaingia hatua moja akaniita tena, Mwende, kwa sauti yake yote iliyobaki. Sikugeuka. Basi akasimama pale na mkono wake, akangoja nimalize.

Alisema ndovu walimtisha, lakini si kama pale mlangoni. Mbele ya ndovu alijua bado ana mtoto wa kumfikia.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Nunua ile nzito, kaka. Kama umeshanunua nyepesi, kaa nayo wewe, utachezea huko. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe likizo ya Februari ukiwa mzima, umkute Mama mikono yote miwili ikifanya kazi. Jioni hii nitakuwa kwenye kiti kando ya lile bati, na sitakuwa nimevaa kitu masikioni.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hofu na mwenye kukupenda sana,

Mwende